Malaika wa Blythburgh na Daftari la Kanisa

(Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Jubilei ya Miaka Hamsini)

 



Kamati ya Jubilei iliponipa nafasi hii iliniagiza mambo mawili. La kwanza, nisizidishe nusu saa. La pili, nieleze desturi yetu ya kanisa ilikotoka: kwa nini jengo letu ni refu na jembamba, kwa nini kwaya inakaa mbele karibu na meza ya Bwana, na kwa nini tulijenga mnara wa kengele ilhali kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori. Agizo la kwanza nitajaribu kulitii. La pili limenisumbua kwa miezi miwili, maana mimi ni mwalimu, na mwalimu akiulizwa swali hawezi kulala.

Ningeweza kuwatajia makanisa mengi ya Uingereza nusu nusu. Nimeona afadhali nichague moja tu, tuliingie pamoja, tutembee ndani yake polepole kama wageni wenye adabu. Uingereza sijafika. Nimesoma vitabu na kutazama picha nyingi, na nimelichagua kanisa hili kwa sababu moja ambayo nitaisema mwishoni. Naomba mnivumilie hadi hapo.

Kanisa lenyewe linaitwa Utatu Mtakatifu, na liko katika kijiji cha Blythburgh, jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Kijiji kiko kando ya mto Blyth, kilomita chache kabla mto huo haujaingia baharini. Sehemu hiyo ni ya vinamasi na matete, na maji ya bahari hupanda na kushuka hadi karibu na kijiji. Kanisa limekaa kwenye mwinuko mdogo, na mtu akija kwa barabara huliona kutoka mbali kabla hajaona nyumba yoyote. Kwa hiyo watu wamelipa jina la utani: Kathedrali ya Vinamasi. Lakini kathedrali si. Ni kanisa la parokia, kanisa la kijiji kama hili letu, na kijiji chenyewe leo kina watu mia chache tu.

Sasa, kijiji cha watu mia chache kinafanya nini na kanisa lenye urefu wa mita 39 hivi? Letu hili nimelipima na watoto wa shule ya Jumapili kwa kamba. Lina mita 18, na siku za kawaida bado tunaona viti vitupu. Jibu ni kwamba Blythburgh haikuwa ndogo. Katika zama za kati palikuwa na bandari, soko, wavuvi, na biashara ya sufu na nguo iliyotajirisha eneo lote la Suffolk. Palikuwa pia na nyumba ya watawa wa Kiaugustino, ambao walilimiliki kanisa la kijiji. Historia ya mahali hapo ni ya zamani zaidi: inasimuliwa kwamba mfalme Anna wa Anglia ya Mashariki, ambaye alikuwa mwanamume ingawa jina linatudanganya, aliuawa vitani karibu na hapo katika karne ya 7 akipigana na mfalme Penda wa Mercia, na mwili wake ukaletwa Blythburgh.

Kanisa tunaloliona leo lilijengwa katika karne ya 15. Mnara ni wa zamani kidogo kuliko sehemu nyingine. Ni wa karne ya 14, ulikuwa wa kanisa lililotangulia, nao mafundi wakauacha usimame wakajenga kanisa jipya upande wa mashariki wake. Hapa naomba tusimame kidogo, maana wengi wetu tukisikia jengo kubwa la kale tunadhani ni mfalme aliyetoa fedha. Makanisa mengi ya Suffolk yalijengwa kwa fedha za watu wa pale pale. Mtu alipoandika wosia, aliacha kiasi kwa ajili ya dirisha, mwingine kwa ajili ya paa, mwingine kwa ajili ya kengele. Ilikuwa harambee, ila ya miaka mingi, na wengi waliochanga hawakuona jengo likikamilika.

Tuanze kwa nje. Suffolk haina mawe mazuri ya kujengea. Kilichoko ni gumegume, yale mawe magumu ambayo watu wa kale waliyagonga yakatoa cheche za moto. Yanapatikana mashambani na ufukweni, madogo madogo, yenye maumbo ya ovyo kama viazi. Mafundi waliyapanga kwa chokaa nyingi, wakapata kuta nene. Pembeni na kuzunguka madirisha walihitaji jiwe la kuchongeka, na hilo lilibidi liletwe kutoka mbali, mara nyingi kwa mashua. Kisha wakabuni urembo wao: walipasua gumegume katikati, na ndani yake ni jeusi linalong'aa kama kioo. Wakalipanga jeusi hilo ndani ya mapambo ya jiwe jeupe, sawasawa na uso wa ukuta. Chini ya dirisha kubwa la mashariki wamepanga mfululizo wa herufi kwa ufundi huo. Wataalamu wanaamini kila herufi ni mwanzo wa neno la Kilatini, lakini mpaka leo wanabishana ni maneno gani hasa.

Tuingie sasa. Upande wa kusini kuna kibaraza cha mlango chenye chumba juu yake. Ukishavuka mlango, jambo la kwanza linalokupokea ni mwanga. Ule mtindo wa ujenzi wa Kiingereza wa wakati huo ulipenda mistari iliyonyooka kwenda juu na madirisha mapana, kiasi kwamba ukuta unakuwa kama fremu tu ya kushikilia vioo. Katikati kuna ukumbi mrefu wanakokaa waumini. Kulia na kushoto kuna safu za nguzo na matao, na nyuma ya nguzo kuna vijia vya pembeni. Juu ya matao ukuta unaendelea kupanda, na huko juu wametoboa safu nyingine ya madirisha, 18 kila upande. Hebu fikirieni: madirisha 36 juu ya vichwa vya watu, kazi yao ni kuleta mwanga peke yake. Fundi wetu aliyetuambia kwamba madirisha sita ni gharama kubwa mno, leo asikie.

Mbele kabisa, upande wa mashariki, ndipo ilipo madhabahu. Zama zile sehemu hiyo ilitengwa na ukumbi wa watu kwa kiambaza cha mbao kilichochongwa. Mbele walikaa makasisi, nyuma wakasimama watu. Na hapa ndipo agizo la kamati linapojibiwa. Kwaya ya wanakijiji waliovaa majoho kukaa mbele karibu na madhabahu si desturi ya zama za kati katika makanisa ya vijijini. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, waimbaji wa vijijini Uingereza walikaa juu kwenye roshani ya nyuma, pamoja na wapiga fidla na filimbi. Baadaye katika karne hiyo ya 19 makasisi wengi walitaka ibada irudi kwenye heshima ya kale. Wakaondoa zile bendi, wakaweka kinanda, wakawavika waimbaji majoho na kuwaleta mbele. Wamishonari waliokuja kwetu walitoka katika karne hiyo hiyo. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba kukaa mbele na kuvaa majoho ni jambo la tangu mwanzo wa Kanisa, tucheke kidogo kwa heshima. Na vijana wetu wanaoulizwa kila mwaka kwa nini wanataka gitaa ibadani, wajue kwamba kulikuwa na vijiji vya Kiingereza vilivyolia machozi siku fidla zao zilipoondolewa.

Basi inueni macho mtazame juu, kwa maana paa ndilo lililoipa Blythburgh sifa. Ni paa la mbao za mwaloni, karibu tambarare, lenye boriti nzito zinazovuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mbao zilipakwa rangi, na rangi hiyo bado inaonekana, imefifia: maua mekundu na ya kijani, pamoja na herufi za jina la Yesu. Katikati ya boriti, pale juu kabisa, wamekaa malaika wa mbao. Wamekaa wawili wawili, wamepeana migongo, mmoja anatazama mashariki kwenye madhabahu na mwenzake anatazama magharibi kwenye mnara. Mabawa yao yamekunjuliwa, na mikononi wameshika ngao. Kwa hiyo mtu akiingia anakutana na malaika wanaomtazama, na akitoka anasindikizwa na malaika wengine. Wamekaa juu hapo zaidi ya miaka 500.

Lakini wamechoka. Mbao zimepasuka, rangi zimebanduka, na malaika kadhaa walikutwa na matundu madogo mengi mwilini, ya vipande vya risasi. Habari ya matundu hayo ndiyo inayonileta kwenye kiini cha hotuba yangu. Kwanza niwaambie misiba mitatu ya kanisa hili.

Msiba wa kwanza ulikuwa wa radi. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, dhoruba kali iliwakuta ndani. Kilele cha mnara kilianguka kupitia paa. Mwanamume mmoja na mvulana walikufa, na wengine wakaungua. Asubuhi hiyo hiyo dhoruba ilipiga pia kanisa la Bungay, mji ulio jirani, na mwaka huo huo mwandishi Abraham Fleming akachapisha kijitabu akisema kwamba katika giza la dhoruba alionekana mbwa mkubwa mweusi, Shetani mwenyewe, akikimbia kati ya watu. Kwenye mlango wa kaskazini wa Blythburgh kuna alama nyeusi za kuungua, na wenyeji huwaonyesha wageni wakisema ni kucha za mbwa huyo. Mnaona watu walivyo. Radi inatosha kuua, lakini tunahitaji pia mbwa.

Msiba wa pili ulikuwa wa watu. Katikati ya karne ya 17 Uingereza ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge likipigana na mfalme. Upande wa Bunge walikuwepo wengi walioamini kwamba sanamu na picha kanisani ni ibada ya sanamu, na mwishoni mwa mwaka wa 1643 mtu mmoja aitwaye William Dowsing alipewa mamlaka ya kuziondoa katika makanisa ya mashariki. Alikuwa mwenye bidii. Alitembelea makanisa zaidi ya 200 na akaandika katika shajara yake alichovunja katika kila moja. Blythburgh alifika tarehe 9 Aprili 1644. Aliandika kwamba aliona picha 20, akavunja maandishi matatu ya kuombea roho za marehemu, na akaamuru makerubi 20 yashushwe kutoka juu na picha nyingine zaidi ya 200 ziondolewe kwa muda wa siku nane. Vioo vingi vya rangi vilivyokuwa vimechangiwa na wazee wa kijiji vimepotea, na birika la mawe la ubatizo limekwanguliwa michongo yake. Lakini malaika wengi wa darini walibaki. Huenda ngazi hazikufika. Huenda wanakijiji walichelewesha kazi hadi mkaguzi akasahau, jambo ambalo hata sisi tunalijua.

Msiba wa tatu ulikuwa wa umaskini. Meli zilikua kubwa, mto ukajaa matope, biashara ikahamia kwingine. Nyumba ya watawa ilikuwa imeshafungwa katika miaka ya 1530, wakati wa mfalme Henry VIII. Kijiji kikapungua, lakini paa halikupungua. Kufikia karne ya 19 mvua ilikuwa ikiingia hadi inasimuliwa kwamba waumini walikaa ibadani wamefungua miavuli. Mnamo 1881 kanisa lilifungwa kwa sababu lilikuwa hatari kwa watu. Ndipo kukawa na mvutano. Wapo waliotaka kulitengeneza liwe kama jipya. Mshairi na msanii William Morris pamoja na chama chake cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa mwaka wa 1877, walisisitiza kwamba kinachohitajika ni kukarabati kilichopo na kuacha alama za miaka zionekane. Mvutano huo ulikuwa wa miaka mingi, lakini matokeo yake ni kwamba paa la kale lingali juu, na malaika wake ni wale wale.

Sasa turudi kwenye yale matundu. Kwa muda mrefu kila mgeni aliyeingia Blythburgh aliambiwa kwamba matundu katika miili ya malaika ni kazi ya Dowsing. Ilisimuliwa kwamba askari wake, waliposhindwa kuwafikia malaika kwa ngazi, walisimama chini na bunduki wakawapiga risasi. Hadithi ilikuwa na kila kitu. Mwovu alijulikana kwa jina, tarehe ilijulikana, ushahidi uko darini. Nani angeuliza swali?

Katika miaka ya 1970 paa lilipokuwa likikarabatiwa, vile vipande vya risasi viliondolewa na kuchunguzwa. Vikaonekana ni marisau ya karne ya 18, yaani zaidi ya miaka mia moja hivi baada ya Dowsing kuondoka. Na katika hesabu za wazee wa kanisa za karne hiyo ya 18, kuna fedha walizolipwa watu kwa kuua kunguru waliokuwa wakijenga viota ndani ya kanisa. Kwa hiyo waliowapiga malaika risasi walikuwa watu wa kanisa hilo hilo, waliolipwa na wazee wa kanisa, wakiwa na nia njema kabisa ya kufukuza ndege wachafuzi. Walilenga kunguru wakapata malaika.

Dowsing alivunja mengi, na shajara yake mwenyewe inamshuhudia. Lakini mtu asiongezewe dhambi ambazo hakuzitenda. Kilichomwondolea lawama hiyo ni mwandishi asiyejulikana, aliyeandika kwenye daftari la hesabu kwamba kiasi fulani kimelipwa kwa kazi fulani. Huyo ndugu hakujua kwamba anatoa ushahidi. Alikuwa anafanya kazi yake ya ukatibu.

Wanakwaya wenzangu, mimi nina miaka minne katika ukatibu wa kwaya hii. Nilipopokea ofisi nilikabidhiwa sanduku la bati lenye madaftari kumi na moja. Mchwa walikuwa wamekula moja. Nilipokuwa nikitayarisha kijitabu hiki cha Jubilei niliyasoma yote, mwanzo hadi mwisho, usiku, baada ya kusahihisha vitabu vya wanafunzi.

Nimekua katika kanisa hili, na tangu utotoni nimesikia habari ya kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Nyote mnaijua. Wamishonari walituachia kinanda, na siku moja kikatoweka. Nimesikia kwamba mwalimu wetu wa kwanza wa kwaya alikiuza, na kwamba ndizo fedha alizonunulia shamba lake. Sikuisikia mimbarini. Niliisikia kisimani, kwenye matatu, na hata jikoni siku za mazishi. Nakiri mbele yenu kwamba na mimi niliisimulia. Niliisimulia kama kitu ninachokijua.

Katika daftari la tatu kuna kumbukumbu za mkutano wa mwaka wa 1984. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka huo. Ni mwaka wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano. Mkutano ulihudhuriwa na wanakwaya 23. Hoja ilikuwa moja tu: kwamba katika nyumba za baadhi ya wanakwaya na wajane wa kanisa watoto wanalala njaa. Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba kinanda kiuzwe. Kiliuzwa kwa shilingi 2,100. Zilinunuliwa gunia 12 za mahindi, shilingi 175 kila moja, na zikagawanywa usiku. Kisha kuna mstari wa mwisho, umepigiwa mstari chini kwa wino. Unasema kwamba jambo hili lisitangazwe kanisani wala popote, waliosaidiwa wasije wakaona aibu.

Sahihi ya mwalimu iko hapo. Alikuwa mwenyekiti wa mkutano huo. Aliishi miaka 27 baada ya siku hiyo, akasikia yote yaliyokuwa yakisemwa, akaja kila Jumamosi kutufundisha sauti ya tatu na ya nne, na hakusema neno. Alikuwa ametia sahihi.

Majina ya waliopokea gunia hizo yamo katika daftari, na yatabaki humo. Hilo lilikuwa agizo na sisi tutalitii. Lakini lawama haikuwa katika agizo. Nilikwenda nyumbani kwa Mama, mkewe marehemu, nikamsomea ukurasa huo, nikamwomba ruhusa ya kuusema leo. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kumbe iliandikwa?" Mama, uko hapo mstari wa mbele. Iliandikwa. Na kwa niaba yangu mwenyewe, kwa kuwa kwa wengine siwezi kusema, naomba unisamehe.

Ndugu zangu, nirudi Blythburgh mara ya mwisho ili tumalize. Kwenye ncha za viti vya kanisa lile mafundi wa zama za kati walichonga watu wadogo wa mbao. Wengine wanaonyesha kazi za majira ya mwaka, wengine matendo ya huruma, na wengine dhambi. Mvivu amekaa kitandani mwake. Mlafi ameshika tumbo. Mwenye tamaa amekalia sanduku lake la fedha. Na yuko msengenyaji, ameutoa ulimi nje. Waumini walikaa kando ya ulimi huo kila Jumapili, na mtu alipotaka kusimama alishika kichwa cha msengenyaji ili ajiinue. Sisi hatuna viti vya kuchongwa. Kila mmoja atajichongea cha kwake.

Yako mambo mengine mawili ya kanisa hilo ambayo kama mwalimu siwezi kuyaacha. Pembeni kuna viti vya kale vya kwaya, vimechongwa sanamu ndogo za mitume mbele yake. Baadaye watoto walisomea juu yake, na mpaka leo vina matundu ya vidau vya wino. Mtoto mmoja alichonga jina lake na mwaka wa 1665. Wanafunzi wangu wanaoharibu madawati wasijue habari hii. Na mnamo Juni 1969, ukumbi wa muziki wa Snape, ulio karibu na hapo, uliteketea kwa moto usiku wa kwanza wa tamasha. Mtunzi Benjamin Britten na wanamuziki wake wakaihamishia opera yao katika kanisa la Blythburgh. Ukumbi ulioungua ulipata hifadhi chini ya malaika wenye matundu. Kanisa lililowahi kufungwa kwa kuvuja likawa ndilo nyumba ya waimbaji wasio na paa.

Hii ndiyo sababu niliyochagua kanisa hilo. Nina maombi mawili ya Jubilei, nayo ni madogo. La kwanza, Kamati inunue kabati la chuma lenye kufuli kwa ajili ya madaftari yetu, mchwa wasipate la pili. La pili, kila anayekumbuka jambo la miaka hamsini ya kwaya hii, liwe la wimbo, la safari, la ugomvi au la upatanisho, aje kwangu baada ya ibada. Nitakaa chini ya mwembe na daftari jipya, na nitaandika tarehe.

Kwa ruhusa ya Kasisi, wanakwaya wote wa mwaka wa 1984 walio hai, naomba wasimame walipo. Wako watano. Na Mama asimame pamoja nao, ashike nafasi ya mwenyekiti.